Sikiliza Kabla Hujalipa: Namna ya Kutambua Chanzo cha Mlio Katika Pikapu ya Zamani ya Magurudumu Manne

Mada iliyotolewa kwa wamiliki wa magari, madereva na wananchi, Busisi, Wilaya ya Sengerema, Mkoa wa Mwanza



Mada niliyopewa inahusu chuma, mafuta na grisi, lakini kiini chake ni fedha zenu na usalama wenu. Mlaji asiyejua anachokilalamikia hulipa anachoambiwa. Akijua hata nusu tu ya jambo lenyewe, huuliza maswali, na maswali hayo ndiyo ngao yake ya kwanza.

Upande huu wa Ghuba ya Mwanza, pikapu inayovuta kwa magurudumu yote manne ni nguzo ya kaya nyingi. Ndiyo inayobeba samaki na dagaa kutoka mialoni, mahindi, mihogo na mananasi kutoka mashambani, saruji na mabati ya wajenzi. Usiku wa manane ndiyo inayombeba mgonjwa au mama mjamzito kwenda hospitali. Nyingi kati ya pikapu hizo zina umri wa miaka 20 au zaidi: Toyota Hilux, Land Cruiser, Nissan, Mitsubishi, Land Rover. Zimeshapita katika mikono mingi, na kila mkono umeacha alama yake.

Kwa miaka mingi gari lililokwenda Mwanza mjini lilisubiri kivuko kati ya Busisi na Kigongo. Tangu Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takribani kilomita 3, limetufungulia njia, na gari lililozoea kuvushwa sasa linavuka kwa magurudumu yake lenyewe. Hiyo ni neema. Hata hivyo, neema hii imekuja na safari nyingi zaidi na mwendo mkubwa zaidi. Kasoro iliyojificha katika mwendo mdogo na foleni ya kivuko hujitokeza gari linapokwenda kilomita 80 kwa saa kwenye lami. Ndiyo maana wengi wenu mmeanza kusikia milio ambayo hamkuwa mkiisikia.

Hapo ndipo hasara huanzia. Mwenye gari humwambia fundi, "Gari linalia." Fundi husikiliza kwa dakika moja na kusema, "Giaboksi imekufa." Giaboksi nyingine hununuliwa, hufungwa, na mlio hubaki palepale. Si lazima fundi awe mdanganyifu. Mlio husafiri ndani ya chuma: unaozaliwa kwenye difu ya nyuma unaweza kupanda katika propela na fremu hadi ukasikika chini ya kiti cha dereva, kana kwamba unatoka kwenye giaboksi. Sikio peke yake hudanganyika, kwa hiyo tunahitaji utaratibu.

NJIA YA NGUVU

Ili kutafuta mlio, ni lazima kwanza kuijua njia ambayo nguvu ya injini hupita. Inatoka kwenye injini na kupita katika klachi, kisha inaingia kwenye giaboksi. Nyuma ya giaboksi kuna kisanduku kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ambacho mafundi hukiita transifa. Kutoka kwenye transifa hutokea propela mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma, na kila propela ina viungo vinavyoitwa kros. Propela huingia kwenye difu, difu huzungusha ekseli, na ekseli hufika kwenye hubu na gurudumu, ambalo huzunguka juu ya beringi.

Kila kimoja kati ya vitu hivi huzunguka kwa wakati wake. Vilivyo kabla ya gia hufuata mzunguko wa injini, na vilivyo baada yake hufuata mwendo wa gari. Jambo hilo moja ndilo msingi wa yote nitakayosema leo. Badala ya kuuliza "mlio huu unafananaje?", uliza "mlio huu unafuata nini?"

MASWALI MATANO YA KUJIULIZA

Swali la kwanza: je, mlio upo gari likiwa limesimama na injini ikiunguruma? Kama upo, tatizo liko kwenye injini, klachi au giaboksi. Difu, propela na beringi za magurudumu haziwezi kulia kama hazizunguki.

Jaribu hivi. Weka gia huru, vuta breki ya mkono, acha injini inguruma, kisha kanyaga klachi hadi mwisho. Mlio ukipotea unapokanyaga na kurudi unapoachia, shuku beringi za shafti inayoingia kwenye giaboksi. Ikiwa mlio haukuwepo bali unazaliwa unapokanyaga, shuku beringi ya kuachilia klachi. Jaribio hili halihitaji spana hata moja, na humwokoa mtu asishushe giaboksi nzima kwa ajili ya beringi ndogo ya klachi, au asibadilishe klachi wakati maradhi yako ndani ya giaboksi.

Swali la pili: gari likiwa kwenye mwendo, mlio unafuata injini au unafuata magurudumu? Tafuta barabara iliyonyooka, tambarare na isiyo na magari. Fika mwendo ambao mlio husikika vizuri, kisha toa gia na uache gari liserereke kidogo. Injini ikishuka na mlio ukashuka nao papo hapo, chanzo kiko kabla ya gia. Injini ikishuka lakini mlio ukaendelea na kufifia polepole kadiri gari linavyopungua mwendo, chanzo kiko baada ya gia: propela, difu, beringi za magurudumu au tairi. Nawaomba sana, jaribio hili lisifanywe kwenye mteremko wala darajani, na katu usizime injini kwa ufunguo gari likitembea. Usukani unaweza kujifunga, na breki hupoteza msaada wake.

Swali la tatu: mlio hubadilika unapokanyaga mafuta na unapoachia? Difu yenye meno yaliyolika huwa na mvumo au mluzi unaobadilika kulingana na mzigo. Ukilia unapovuta na kunyamaza unapoachia, au kinyume chake, shuku meno ya difu na beringi za pinioni. Ukibaki uleule, uvute au uachie, elekeza macho kwenye beringi za magurudumu na tairi.

Swali la nne: mlio hubadilika unapokata kona? Gari likipinda kushoto, uzito huegemea magurudumu ya kulia. Likipinda kulia, huegemea ya kushoto. Beringi mbovu hulia zaidi inapobebeshwa uzito. Basi, mvumo unaoongezeka unapopinda taratibu kulia huelekeza kwenye gurudumu la kushoto. Lifanye jaribio hili kwenye uwanja mpana na kwa mwendo mdogo.

Swali la tano: mlio hubadilika barabara inapobadilika? Mvumo ulio mkubwa kwenye lami na unaopotea kwenye vumbi laini mara nyingi ni wa tairi, hasa tairi za makucha makubwa zilizolika upande mmoja. Hamisha tairi za mbele ziende nyuma. Mlio ukihama nazo, umeokoa gharama ya difu kwa kazi ya jeki na spana ya magurudumu.

Liko na swali dogo la ziada kwa giaboksi. Katika pikapu nyingi za zamani zenye gia tano, gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja bila kuipitisha kwenye shafti ya chini. Giaboksi inayolia katika gia ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya tano, lakini ikanyamaza au kupungua sana katika ya nne, huwa na kasoro kwenye shafti hiyo ya chini au beringi zake. Inayolia katika gia moja pekee huwa na kasoro kwenye meno ya gia hiyo.

KISHINDO, MLIO WA NDEGE NA KUGONGA KONANI

Ipo milio isiyo mvumo. Ya kwanza ni kishindo kimoja, "ko!", unapoanza kuondoka au unapotoka gia ya mbele kwenda rivasi. Hicho ni kilio cha uwazi uliozidi mahali fulani katika njia ya nguvu: kros iliyolika, meno ya propela yanayoteleza, difu iliyolegea, bolti za yuu za springi zilizolegea, au raba zinazoshika injini na giaboksi zilizochanika. Anza na vya bei nafuu. Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, ziba magurudumu kwa mawe au magogo mbele na nyuma, kisha ingia chini na ujaribu kuizungusha propela kwa mkono huku na huku. Tazama kros: pande zake mbili zinapaswa kwenda pamoja. Upande mmoja ukitangulia mwingine, kros imekwisha.

Wa pili ni mlio mwembamba kama wa ndege, "chwi, chwi, chwi", unaoongezeka kadiri gari linavyoongeza mwendo. Mara nyingi ni kros iliyokauka. Ukiona unga mwekundu wa kutu kuzunguka vikombe vyake, grisi ilishakwisha zamani. Kros yenye mahali pa kupachika bomba la grisi ipigwe grisi mpaka grisi kuukuu itoke pande zote nne. Isipotoka upande mmoja, upande huo haupati chakula, na hapo ndipo itakapovunjika. Usipoziba ufa utajenga ukuta: kros isiyopigwa grisi hatimaye huharibu propela, na propela inayotetemeka huharibu sili na beringi za transifa na difu.

Wa tatu ni kugonga kwa mfululizo, "ta-ta-ta-ta", unapokata kona kali ukiwa umefunga fowili. Hicho ni kiungo cha ekseli ya mbele, kile kinachoiruhusu ekseli kuzunguka huku gurudumu likipinda. Katika Hilux na Land Cruiser zenye ekseli nzima ya mbele, kiungo hicho hukaa ndani ya mpira wa chuma ulio nyuma ya gurudumu. Ukiona grisi nyembamba iliyochanganyika na mafuta ikichuruzika hapo, sili ya ndani imekufa: mafuta ya difu yanaosha grisi ya kiungo, na difu inabaki na kiu.

FOWILI KWENYE LAMI

Pikapu nyingi za zamani hazina difu ya katikati. Ukifunga fowili, propela ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja kama ng'ombe wawili wa jembe moja. Kwenye kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Katika mchanga wa mwaloni au tope la masika, tairi huteleza kidogo na tofauti hiyo hupotea. Kwenye lami kavu tairi hushika, tofauti haina pa kwenda, na chuma chote hujikunja. Usukani huwa mzito, gari huruka-ruka konani, na fowili hukataa kutoka au hutoka kwa kishindo kikubwa.

Kwa hiyo, aliyepanda kutoka mchangani akiwa amefunga fowili aitoe kabla ya kuingia barabara kuu. Ikikataa, arudi rivasi mita chache kwa mstari ulionyooka, kisha aitoe. Magari kama Land Rover Defender huvuta kwa magurudumu manne wakati wote na yana difu ya katikati. Hayo hayana tatizo kwenye lami, ila difu hiyo ya katikati isifungwe hapo.

Kwa gari lenye hubu za mbele za kufunga na kufungua kwa mkono, liko jaribio zuri ambalo wengi hawalijui. Weka kigingi cha transifa kwenye uvutaji wa nyuma pekee. Endesha kwanza hubu zikiwa wazi, kisha simama, zifunge zote mbili, na uendeshe tena katika mwendo uleule. Hubu zikiwa wazi, ekseli, difu na propela ya mbele hutulia. Zikifungwa, huzunguka bila kubeba mzigo. Mlio uliozaliwa baada ya kufunga hubu uko mbele, wala hakuna haja ya kugusa difu ya nyuma. Mlio usiobadilika kabisa uko kwingine.

UKAGUZI WA MIKONO NA MACHO

Beringi ya gurudumu hukaguliwa kwa kuinua gurudumu. Jeki ni ya kuinulia tu. Gari likishainuliwa liwekwe juu ya stendi imara, na magurudumu yaliyobaki chini yazibwe. Wapo walioangukiwa na gari kwa sababu ya kuamini jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, uitikise kuelekea kwako na mbali nawe. Kucheza ni dalili ya beringi iliyolegea au iliyolika, ingawa mbele kunaweza pia kuwa viungo vya usukani. Kisha izungushe huku kiganja cha mkono mwingine kikiwa kwenye springi. Mkwaruzo ambao sikio halikuusikia, kiganja kitauhisi.

Baada ya safari, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila hubu bila kuigusa. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, ama breki yake inashika ama beringi yake inaungua.

Mafuta nayo ni shahidi. Gari likiwa limesimama tambarare, fungua nati ya kujazia ya difu. Mafuta yafike kwenye ukingo wa chini wa tundu. Fundi anapobadilisha mafuta, afungue nati ya kujazia kwanza kabla ya ile ya kumwagia. Akimwaga kwanza na kisha akute ya kujazia imeganda, gari lako litalala gereji. Tazama sumaku iliyo kwenye nati: uji laini wa kijivu ni wa kawaida, lakini vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni meno au beringi zinazosagika. Mafuta meupe kama chai ya maziwa yana maji.

Hapa kwetu maji hayo hujulikana yanakotoka. Difu iliyotoka safari ikiwa ya moto ikizamishwa ghafla katika ziwa, hewa iliyo ndani hupoa na kusinyaa, na huvuta maji kupitia sili chakavu au bomba la kupumulia lililovunjika. Kuosha gari ziwani kunaharibu gari na kunaharibu ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ukingoni dhidi ya shughuli zinazoweza kudhuru hifadhi yake. Oshea gari nyumbani au mahali palipotengwa.

Kuhusu aina ya mafuta, fuata kitabu cha gari. Kwa kawaida difu huhitaji mafuta yenye alama ya GL-5. Giaboksi nyingi za zamani huhitaji GL-4, kwa sababu baadhi ya mafuta ya GL-5 yana dawa inayoweza kula ringi za shaba zinazosaidia gia kuingia. Rangi ya mafuta si kipimo cha ubora, wala maneno "haya ni mazito, yataondoa mlio" si tiba.

KWA FUNDI NA DUKANI

Ukienda kwa fundi, usimtajie kipuri; mtajie dalili. Ukisema "nibadilishie difu", atabadilisha difu, na mlio ukibaki hutakuwa na la kudai, kwa kuwa amefanya ulichomwagiza. Sema hivi: "Kuna mvumo unaoanza kilomita 60 kwa saa, hauathiriwi na gia, unaongezeka nikipinda kulia, na unaendelea hata nikitoa gia. Naomba uutafute." Maelezo hayo yakiandikwa kwenye karatasi pamoja na tarehe na makadirio ya gharama, na pande zote mbili zikitia saini, mnakuwa mmepatana kuhusu kazi ya kuondoa mlio ule. Fundi hodari hataona umemdharau, umemrahisishia kazi.

Ombeni mambo manne: mwende pamoja kulijaribu gari kabla na baada ya kazi, kitengenezwe kitu kimoja kwa wakati mmoja, vipuri vilivyotolewa urudishiwe, na upewe risiti. Dukani dai risiti ya EFD, maana bila risiti madai yako hubaki kuwa maneno matupu.

Jihadharini na vipuri bandia, hasa beringi, sili na kros. Bei iliyo chini mno kuliko maduka mengine, maandishi yaliyokosewa kwenye boksi, na chapa ya boksi isiyofanana na ile iliyochorwa kwenye chuma ni dalili za kukufanya usite. Bidhaa bandia zinakatazwa na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Malalamiko ya bidhaa bandia na udanganyifu yapelekwe kwa Tume hiyo. Ya bidhaa isiyokidhi kiwango yapelekwe kwa Shirika la Viwango Tanzania. Nendeni na risiti, boksi na kipuri chenyewe.

Neno moja la pekee kuhusu difu za mtumba. Difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja wa meno. Yenye meno 41 kwa 10 hutoa uwiano wa 4.1, yenye 43 kwa 10 hutoa 4.3. Ukifunga moja mbele na nyingine nyuma, gari litakwenda vizuri katika uvutaji wa nyuma, na hutajua kitu mpaka siku ya tope utakapofunga fowili, na transifa ianze kujivunja yenyewe. Kabla ya kulipia difu, mwambie muuzaji ahesabu meno mbele yako, na uyalinganishe na ya difu iliyobaki kwenye gari. Vivyo hivyo, tairi za mbele na nyuma ziwe za ukubwa mmoja.

ANAYENUNUA PIKAPU KUUKUU

Ukimya wa gari sokoni usikulevye. Iko hila ya zamani ya kutia unga wa mbao, ndizi au grisi nzito ndani ya giaboksi au difu ili kelele inyamaze kwa siku chache. Ukifika na kukuta injini na difu tayari ni za moto, uliza kwa nini. Omba urudi kesho asubuhi gari likiwa limepoa. Fungua nati za kujazia, uchovye kijiti, utazame na unuse mafuta. Endesha katika kila gia, ukivuta na ukiachia. Funga fowili kwenye mchanga, pinda kushoto na kulia. Muuzaji akikataa majaribio haya, amekwisha kukujibu.

Ukaguzi huu ni kinga yako pia mbele ya sheria. Ukilikagua gari kisha ukalinunua, itakuwa vigumu kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo nenda na fundi asiye rafiki wa muuzaji, na kila ahadi ya muuzaji, kama "difu ni nzima", iandikwe katika mkataba wa mauzo.

MILIO ISIYONGOJA KESHO

Mwisho, ndugu zangu, nitenganishe milio ya kuvumiliwa wiki moja na ile isiyongoja. Mluzi mwembamba wa difu uliodumu miaka miwili bila kubadilika unaweza kusubiri fedha za mavuno, mradi mafuta yapo na hayana vipande. Mitatu ifuatayo haisubiri.

Wa kwanza ni kugonga chini ya sakafu kunakoambatana na mtetemo mkubwa. Hiyo ni kros inayokaribia kuachia. Propela ikikatika upande wa mbele huanguka na kuchimba barabara gari likiwa kwenye mwendo.

Wa pili ni mvumo wa gurudumu uliogeuka kuwa mkwaruzo, pamoja na hubu ya moto au gurudumu linalocheza. Katika ekseli ya nyuma ya Hilux, beringi ndiyo inayoishikilia ekseli isitoke. Ikivunjika, ekseli inaweza kutoka pamoja na gurudumu. Land Cruiser za kazi nzito zina hubu inayobeba gurudumu peke yake, lakini nazo zina kikomo.

Wa tatu ni mlio wa kusagika unaokuja na gari kukosa nguvu au kutoka gia lenyewe. Hapo kitu kimekwisha kuvunjika, na kila mita unayoongeza inavunja kingine.

Ukisikia mmoja wa mitatu hii ukiwa Busisi, usijipe moyo kwamba utafika Mwanza kwanza ndipo utafute fundi. Darajani hakuna pa kutengenezea gari, na nyuma yako wapo wengine wenye haraka. Shusha abiria na mzigo, kagua upande huu wa maji. Samaki walioharibika ni hasara ya siku moja; propela au gurudumu lililoachia gari likiwa limejaa watu ni hasara isiyo na fidia.

Nawaomba kila mmoja aondoke na zoezi moja. Kesho asubuhi, kabla redio haijawashwa na abiria hawajapanda, endesheni gari dakika 10 mkisikiliza tu, na mwandike mlichosikia: mwendo gani, gia gani, mkivuta au mkiachia, mkinyoosha au mkipinda. Karatasi hiyo itunzeni garini. Siku mtakayokwenda kwa fundi, mpeni hiyo kabla ya kumpa fedha.